Kulijaribu gari si kulizungusha mtaa

Mjini Unguja wengi wanaamini kuwa Range Rover ikizungushwa mara mbili Kiembesamaki, ikaenda kimya na kiyoyozi kikapuliza baridi, basi ni nzima. Si hivyo. Kimya ndicho kinachouzwa: gari la aina hiyo limetengenezwa lifiche kelele, na maradhi yake pia.

Nenda asubuhi, na mwambie dalali asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, huenda kuna kitu hakutaka ukisikie. Injini ikiwa baridi ndipo husikika kugonga, ndipo huonekana moshi wa buluu wa oili inayoungua. Kisha tazama gari lilivyolala. Range Rover nyingi hubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Pembe moja ikiwa imeinama baada ya usiku mzima, yamkini upepo unavuja, na kutengeneza kwake si pesa ya mchezo. Chungulia na uvunguni, maana chumvi ya bahari yetu haijali bei.

Na bei yenyewe? Wengine huona haya kupatana, eti gari la kitajiri halina mjadala. Patana, lakini baada ya kuliendesha, fundi wako akiwa pembeni: kila kasoro aliyoiona ina gharama, na gharama hiyo hutolewa kwenye bei.