Kutenga ushahidi: polisi wakikosea, kesi huwa imekufa?

Nje ya mahakama ya Kisumu, jamaa za washukiwa wengi huamini kwamba mtu akikaa seli kupita muda, kesi imekwisha. Natamani ingekuwa rahisi hivyo.

Kutenga ushahidi ni mahakama kukataa kuutumia ushahidi kwa sababu ya jinsi ulivyopatikana, hata kama unachosema ni kweli. Msingi wake ni Ibara ya 50(4) ya Katiba ya Kenya ya 2010: ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za msingi utatengwa iwapo kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki, au kutadhuru utoaji wa haki kwa jumla. Lishike sana hilo neno “iwapo”.

Chukua kijana wa boda aliyekamatwa Kondele Ijumaa saa kumi na moja jioni. Saa 24 ambazo polisi wanapewa kumfikisha mahakamani zinaisha Jumamosi, mahakama imefungwa, kwa hivyo polisi wana hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata, yaani Jumatatu. Wakimfikisha Jumatano wamevunja Ibara ya 49 ya Katiba, inayoweka muda huo. Kuna wakati Mahakama ya Rufaa iliwaachilia washtakiwa kwa kosa kama hilo, lakini mwaka 2010 ikabadili msimamo: aliyecheleweshwa adai fidia, kesi iendelee. Ucheleweshaji peke yake hautoshi, ila ukionyesha kwamba ndio uliozaa ushahidi, hapo una hoja.

Na mara nyingi unachozaa ni karatasi ya kukiri. Tuseme Jumanne usiku kijana huyo, ambaye lugha yake ni Dholuo, alitia sahihi maelezo ya Kiingereza mbele ya mpelelezi wa kesi yake. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, haikubali hilo. Mtu hukiri mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi hiyo, wa cheo cha inspekta kwenda juu, na awepo mtu wa tatu ambaye mshukiwa mwenyewe amemchagua. Wakili akipinga, hakimu husimamisha kesi kubwa na kusikiliza kesi ndani ya kesi: karatasi ilipatikanaje? Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alikiri kwa hiari. Hapo kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, OB tunayoijua sote, huwa na uzito mkubwa. Kikionyesha aliingizwa saa nne usiku ilhali alikamatwa saa kumi na moja jioni, afisa ana saa tano za kueleza.

Vielelezo, yaani vitu vinavyoletwa mahakamani kama ushahidi, vina njia nyingine. Hati ya mashtaka ikisema misokoto 20 ya bangi na ripoti ya mkemia wa serikali iseme 17, huenda visitengwe, lakini shaka imeingia, na shaka ni ya mshtakiwa.

Pingamizi lina wakati wake: karatasi au kielelezo kinapotolewa, kabla hakijapokelewa. Ukingoja rufaa, utaulizwa mbona ulinyamaza. Kama kijana alipigwa, aseme siku ya kwanza kizimbani, amwonyeshe hakimu majeraha yakiwa bado mabichi, iandikwe kwenye rekodi, na aombe apelekwe hospitali akajaziwe fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha.