Je, wajua kwa nini nguzo ya skrubu ni hatari hata ikizunguka polepole?

Nguzo ya skrubu ni chuma kirefu chenye bapa lililojipinda karibu na ncha. Haigongwi kwa nyundo. Huzungushwa mpaka izame ardhini, kisha jengo hukalia vichwa vya nguzo hizo. Hataza yake ilitolewa mwaka 1833 kwa Alexander Mitchell, mhandisi kipofu wa Belfast, na mwaka 1838 nguzo zake zilizamishwa kwenye mchanga wa Maplin, mlangoni mwa mto Thames, zibebe mnara wa taa. Enzi hizo zilizungushwa kwa nguvu za wanaume. Siku hizi ni mota ya haidroliki iliyofungwa kwenye mkono wa kijiko, yaani mtambo wa kuchimba udongo.

Kwa kawaida mota hiyo haifiki mizunguko 30 kwa dakika, na upole huo ndio unaowafanya mafundi wasogee karibu. Lakini nguvu yoyote inayoisokota nguzo hurudi kwa kilichoishika mota. Kwenye mitambo midogo, mota huzuiwa isigeuke kwa mtaimbo uliokitwa pembeni. Mota ikisokota kwa Nyutoni-mita 6,000, ncha ya mtaimbo wa mita 2 hubeba Nyutoni 3,000, karibu uzito wa kilo 300. Nguzo ikikwama kwenye jiwe na mtaimbo ukachomoka, huo mzigo wote unamjia aliyesimama kwenye njia yake. Ndiyo maana eneo ambalo mtaimbo unaweza kulifagia huwekewa uzio, hata kama kazi ni ya nguzo moja tu.

Hatari nyingine haionekani kabisa. Chuma kirefu kilichokwama hujisokota kama nguo inayokamuliwa, na mota ikizimwa bado kimebana. Fundi akigonga pini inayounganisha nguzo na mota wakati huo, chuma kinaweza kurudi nyuma ghafla na kumvunja mkono. Kwanza mwendeshaji alegeze shinikizo la haidroliki, ndipo pini iguswe.

Anayeshika pimamaji naye asubiri mzunguko usimame. Glovu iliyolegea hunaswa upesi na kichwa cha boliti. Nyaya na mabomba ya chini ya ardhi hutafutwa kabla ya haya yote, na panapotiliwa shaka huchimbwa kwa mkono.

Msimamizi ahesabu pia mizunguko. Kila mzunguko mmoja unapaswa kuizamisha nguzo karibu sawa na mwachano wa bapa lake, yaani nafasi kati ya ukingo wake wa juu na wa chini. Ikizunguka bila kushuka, inakoroga udongo utakaoibeba nyumba, na hapo kazi isimamishwe, nguzo isilazimishwe.