Mtoto akisema "bati"

"Kwani mmeambiwa mwanangu anakufa?"

Aliyeniuliza hivyo ni mama mmoja wa upande wa Masasi. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, hapa Mtwara mjini, nami nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba kikundi chetu kingependa kumtimizia mwanawe jambo moja analolitaka. Mimi ni muuguzi wa watoto, maswali mazito nimeyazoea, lakini hilo sikuwa na jibu lake. Kosa lilikuwa neno langu: "matakwa". Huku kwetu mgonjwa huulizwa matakwa yake ndugu wakishakata tamaa. Akitaka uji wa mtama anapikiwa, akitaka kumwona mjomba aliyeko Dar, mjomba anapigiwa simu usiku huohuo. Kinachofuata hapo ni wosia. Na mtoto wa yule mama alikuwa katikati ya matibabu, tena anaendelea vizuri.

Siku hizi nasema "hamu". Hamu hata mzima anayo.

Wazo lenyewe tumeliiga. Mwaka 1980, huko Arizona, Marekani, mtoto wa miaka 7 aitwaye Chris Greicius, mwenye saratani ya damu, alitamani kuwa polisi. Maofisa wa jimbo wakampandisha helikopta, wakamwapisha, akashonewa sare ya saizi yake. Siku chache baadaye alifariki, na kutokana na kisa hicho likazaliwa shirika la Make-A-Wish. Mwanzo huo wa majonzi ndio unaowafanya watu wadhani kazi hii ni ya watoto wanaoaga. Sivyo. Shirika hilo hupokea watoto kuanzia miaka miwili na nusu hadi kabla ya kutimiza 18 wenye ugonjwa unaotishia maisha, na kutishia si kuua. Hata sisi huku, ambao si tawi la mtu yeyote, bali wauguzi wachache, walimu, fundi cherehani mmoja na dereva mmoja wa Hiace, tunakutana na watoto wa moyo, wa selimundu, wa saratani. Ule uvimbe wa taya uitwao Burkitt hukua kwa kasi ya kutisha, lakini ni kati ya saratani zinazosikia dawa vizuri mtoto akiwahishwa.

Sasa nirudi kwa kijana wetu wa Masasi. Alikuwa na miaka 9, saratani ya damu. Tiba yake ni ya miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ya mwanzo ilikuwa ya kwenda na kurudi Dar kwa basi.

Nilimuuliza mara ya kwanza mbele ya baba yake.

"Bati," akasema.

"Ngapi?"

"Thelathini."

Mtoto wa miaka 9 asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa anajua idadi ya bati! Kikundini tulibishana jioni nzima. Mwalimu mmoja alisema tusimkatalie: wenzetu wa mashirika makubwa hupanga hamu za watoto kwa mafungu, kwenda, kuwa, kukutana na mtu, kupata kitu, na kutoa. Huyu anataka kutoa, basi atoe. Mimi nilisema hiyo ni sauti ya baba inayopita kwenye mdomo wa mtoto. Sote wawili tulikuwa tumekosea kidogo.

Kumuuliza mtoto mgonjwa anataka nini ni kazi yenye ufundi wake, na haraka huiharibu. Usimuulize siku ya kuchomwa sindano ya mgongo, atakwambia anataka kwenda nyumbani, na kweli anataka. Usimuulize wiki anayomeza prednisolone kwa wingi. Dawa ile huleta njaa isiyo na adabu, na kila mtoto wa wiki hiyo hamu yake ni chipsi kuku, alfajiri na magharibi. Mpe chipsi akiruhusiwa, ila usiandike kwenye fomu. Usimuulize mbele ya mkubwa anayemlipia, wala ukiwa umevaa sare. Mimi huenda na karatasi na kalamu za rangi, nakaa chini kwenye mkeka, nauliza: "Ukiamka kesho huumwi, unaanzia wapi?" Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonichukua muda mrefu kujifunza.

Wiki tatu baadaye alichora basi. Lilikuwa na milango minne, na kila mlango mtu ananing'inia.

"Huyu nani?"

"Konda."

"Na huyu?"

"Konda. Wote ni mimi."

Kisha, akiwa bado anapaka rangi, akanieleza habari ya bati. Huku Kusini nyumba huezekwa msimu wa korosho. Baba yake alikuwa ameshahesabu bati thelathini, wakati wowote angeondoa makuti. Ndipo mtoto akaugua, mikorosho ikawekwa rehani, na fedha zikaishia kwenye nauli za Dar. Kila safari alikuwa anaona konda akipita, baba anahesabu noti, anampa.

Bati hatukuzifanya hamu yake. Tulimwona ofisa ustawi wa jamii, wazee wa msikiti wao wakaongeza, nyumba ikaezekwa upande mmoja kabla ya mvua za Januari. Hilo lilikwenda kimyakimya. Ukonda ndio tuliouandaa.

Daktari alitaka kwanza majibu ya damu, maana chembe nyeupe zikiwa chini, hatari ya gari lililojaa watu kwa mtoto ni kubwa kuliko furaha itakayomletea. Tukaahirisha mara mbili. Kwa bahati tulikuwa hatujamwambia siku: hatumwahidi mtoto kitu ambacho bado hatujakishika mkononi. Mfadhili mmoja naye alitaka bango lenye jina la duka lake na picha za mtoto za kurusha mtandaoni. Tulimshukuru, tukatia mafuta kwa michango yetu.

Siku ilipofika, Hiace ilitoka Mtwara kwenda Mikindani, madirisha wazi, abiria ni binamu zake na sisi, kipimajoto mfukoni mwangu. Joto likifika 38 tungegeuza moja kwa moja hospitali, kwa mtoto wa dawa hizi homa haisubiri kesho. Fundi alimshonea shati la konda lenye mifuko miwili mikubwa. Kijana alipiga bodi la gari, "Suka, twende!", kwa sauti ambayo wodini hatukuwahi kuisikia. Njia nzima alitangaza vituo vya Masasi, Lindi, Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri, Mbagala, akiviruka na kuvirudia, wakati nje bahari ya Mikindani inapita.

Akafika kwa mama yake. "Nauli, mama." Mama akatoa elfu moja. Kijana akaikunja kwa urefu, akaibana kati ya vidole kama wenyewe wanavyofanya.

"Chenji yangu?"

"Utapewa ukishuka."

Tulishuka Mikindani, tukala mihogo na samaki, tukarudi. Kila nikikutana na yule mama kliniki huniambia bado anadai.