Drive-In ya Msasani: yanayosemwa na yaliyokuwa

Wenyeji wa zamani wa Dar es Salaam bado wana mahali wanapopaita Drive-In, kwa jina la sinema ya wazi iliyoangaliwa watu wakiwa ndani ya magari yao. Ni Msasani, kando ya Barabara ya zamani ya Bagamoyo, penye Ubalozi wa Marekani. Sinema yenyewe imekwisha kitambo, ila masimulizi yake yanazidi kunenepa, na mengi tumeyaazima kwa Wamarekani, walioanzisha sinema za namna hii, tukayavisha ya kwetu. Kila kichwa hapa chini ni mojawapo ya yanayosemwa.

Ubalozi ulijengwa pale palipolipuliwa bomu

Sivyo. Bomu la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu 11, lililipuka kwenye ubalozi wa awali, Barabara ya Laibon. Ubalozi wa Msasani ulifunguliwa mwaka 2003. Baada ya shambulio lile Wamarekani walitaka eneo pana, majengo yakae mbali na barabara, na uwanja uliotengenezwa kuegesha mamia ya magari ulikuwa na nafasi hiyo.

Ilikuwa starehe ya wazungu na mabwanyenye

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu mwaka wenyewe unaikanusha. Drive-In ilifunguliwa 1966, wazungu wa serikali ya kikoloni wameshafunga virago, na mwaka uliofuata likatangazwa Azimio la Arusha. Miaka yake ya kutamba ni miaka ya Ujamaa. Unaweza kuona kichekesho hapo: nchi inahubiri kujitegemea, huku foleni ya magari inaelekea kuangalia picha. Watazamaji wenyewe hawakuona mgongano wowote. Kwao ilikuwa dalili kwamba mji wao nao umeingia mjini.

Magari yalikuwa machache, hilo kweli. Lakini gari moja lilimeza watoto, mashemeji na jirani aliyejua kuomba lifti, na mwenye gari la ofisi hakuliacha likalala tu. Jumapili usiku lilipoonyeshwa picha la Kihindi, familia za Kihindi zilifika mapema na vyakula vyao, wakubwa wakipiga soga na watoto wakikimbizana kabla stelingi hajatokea. Kwa wengi mazungumzo yale yalikuwa nusu ya kilichowatoa nyumbani.

Mmarekani mmoja aliibuni yote

Richard Hollingshead alifungua ya kwake karibu na Camden, New Jersey, tarehe 6 Juni 1933, akiwa na hataza (hati ya kulinda uvumbuzi wake) mkononi. Lakini huko Las Cruces, New Mexico, watu waliangalia sinema wakiwa garini tangu 1915. Alichobuni Hollingshead ni matuta: kila mstari wa magari unapanda tuta dogo, magurudumu ya mbele yanainuka, dereva anaona skrini juu ya paa la gari lililo mbele yake. Mwaka 1949 mahakama ya rufaa ilibatilisha hata hataza hiyo. Halafu ile spika ya kuning'iniza dirishani, ambayo kila mtu huikumbuka (na ambayo madereva wasahaulifu waliondoka nayo, waya umekatika), yeye hakuwa nayo. Sauti yake ilitoka kwenye spika kubwa za upande wa skrini, ikawafikia na majirani ambao hawakulipa. Spika za kila gari zilikuja miaka ya 1940.

Televisheni ndiyo iliyoiua

Hata Marekani kauli hii inachechemea. Sinema hizi zilifikia kilele mwishoni mwa miaka ya 1950, zikiwa zaidi ya 4,000, wakati nyumba nyingi za Wamarekani zilishakuwa na televisheni. Kilichoziumiza ni bei ya ardhi, kwa kuwa kiwanja kikubwa kinachoingiza fedha usiku tu hakishindani na maduka. Ikaja na sheria ya mwaka 1966 iliyoeneza utaratibu wa kusogeza saa mbele majira ya joto: jua likachelewa kuzama, na onyesho la kwanza likasogea hadi watoto wameshalala. Baadaye ikaja video.

Sasa irudishe hesabu hiyo Dar es Salaam. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, wala hakuna anayesogeza saa. Televisheni? Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, lakini Bara haikuwa na kituo chake hadi 1994. Kwa hiyo kwa karibu miaka 30 tangu Drive-In ifunguliwe, mshindani huyo hakuwepo kabisa Bara. Waliokuwepo ni wengine: uhaba wa mafuta na marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia mchana, iliyogonga siku yenyewe ya picha la Kihindi, kisha miaka ya 1980 ikaingia deki ya video, mkanda mmoja ukaangaliwa na mtaa mzima sebuleni.

Kiwanja kikijengwa, hakuna cha kutafuta

Kipo: alama za sinema hizi bado zinaweza kuonekana, na pa kuanzia ni majina. Nairobi kuna Drive-In ya Barabara ya Thika, upande wa Ruaraka, iliyobaki baada ya Fox Drive-In, na Bellevue ya Barabara ya Mombasa, iliyopewa jina na sinema ya magari pia. Abiria anashuka steji hizo kila siku bila kujua kulikuwa na skrini. Ila jina la steji huhama na barabara ikipanuliwa, kwa hiyo lithibitishe kwa picha za zamani za kutoka angani: matuta huonekana kama mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, yote ikielekea upande mmoja. Huko ndiko skrini ilikosimama.

Kwa Dar, fungua magazeti. The Standard, lililoungana na The Nationalist mwaka 1972 na kuwa Daily News, yamehifadhiwa na matangazo yake ya sinema. Yasome wiki kwa wiki. Tangazo likikatika, usiandike haraka kwamba sinema ilifungwa wiki hiyo. Huenda filamu haikufika, au karatasi ya gazeti iliadimika.