Fowadi mkongwe katika mpira wa kikapu ni nani?

Fowadi hucheza kati ya magadi wanaopandisha mpira na senta anayekaa karibu na kikapu. Wapo wa aina mbili, wanaoitwa kwa namba za nafasi zao: namba tatu ni mwepesi na hucheza zaidi pembeni. Namba nne ana mwili, na riziki yake ni ribaundi, yaani kudaka mpira uliokosa kikapu, na kusukumana chini ya kikapu. Hakuna idadi rasmi ya misimu inayomfanya aitwe mkongwe, ila akivuka kumi na tano kwenye ligi ya kulipwa, hakuna atakayebisha.

Kasi na uwezo wa kuruka ndivyo huondoka kwanza. Kwa hiyo fowadi anayedumu ni yule aliyejijengea mchezo usiotegemea hivyo viwili, au aliyekubali kazi nyingine.

Dirk Nowitzki, Mjerumani wa mita 2.13, alicheza Dallas Mavericks ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, misimu 21, kuanzia 1998 hadi 2019. Mtazame akitupa: anampa mgongo anayemkaba, anageuka, anainua goti, anaegemea nyuma kwa mguu mmoja, kisha anaachia mpira kutoka juu ya kichwa. Mtupo huo hauhitaji kuruka sana. Unahitaji urefu na shabaha, na umri hauvimalizi upesi. Mwaka 2011, akielekea kutimiza miaka 33, aliipa Dallas ubingwa wake wa kwanza na kuchaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Udonis Haslem ndiye wa njia ya pili, na binafsi namheshimu zaidi. Mwaka 2002 hakuna timu ya NBA iliyomchagua kwenye drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya, akaenda kucheza Ufaransa. Mwaka 2003 alijiunga na Miami Heat na hakutoka tena hadi alipostaafu 2023: misimu 20, ubingwa mara tatu. Miaka ya mwisho aliingia uwanjani kwa nadra. Msimu wa 2020–21 alicheza mechi moja tu. Bado timu iliendelea kumpa mkataba, maana mazoezini na kwenye benchi alikuwa sauti ambayo vijana waliisikiliza. Mkongwe wa aina hii humwambia kijana papo hapo kwamba amechelewa kumziba mtu wake, na kijana hawezi kumjibu kwamba hajui ugumu wake.

Wala mikono ya Haslem haikuwa imelala. Kwenye mechi yake ya mwisho ya msimu wa kawaida, Aprili 2023 dhidi ya Orlando, alifunga pointi 24. Miezi miwili baadaye, akiwa na miaka 42, akawa mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kucheza fainali za NBA.