Michirizi myeusi pembeni si ubovu wa runinga

Kila wiki hapa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) tunapokea lalamiko lilelile: "Nimeuziwa runinga feki, picha haijai kioo." Runinga nyingi tunazoletewa ni nzima kabisa.

Vipindi vya zamani vilirekodiwa kwa umbo la 4 kwa 3, yaani upana sehemu nne, kimo sehemu tatu. Umbo hilo lilitoka kwenye sinema. W.K.L. Dickson wa maabara ya Edison aliipa kila picha ya filamu ya milimita 35 kimo cha matundu manne ya pembeni mwa mkanda. Lilizifaa pia runinga za chogo, maana kioo chake kilikuwa chupa isiyo na hewa ndani, na chupa ya namna hiyo hustahimili mgandamizo wa nje ikikaribia mviringo. Za mwanzo zilikuwa duara hasa, zikipimwa kipenyo. Ndiyo maana hadi leo inchi huhesabiwa kona hadi kona.

Picha za sinema zikawa pana zaidi miaka ya 1950. Miaka ya 1980 mhandisi wa Marekani, Kerns Powers, alichukua mistatili ya maumbo yote yaliyokuwa yakitumika, yenye eneo sawa, akaipandanisha. Mstatili wa nje uliofunika yote na wa ndani uliokuwa wa pamoja vilikaribiana na 16 kwa 9. Hicho ndicho kioo chako.

Kwa hiyo kipindi cha zamani kitaacha weusi kulia na kushoto, na filamu pana juu na chini. Tafadhali msiivute picha kwa rimoti hadi mpira uwe yai, wala msimlipe fundi afungue runinga. Mtapoteza waranti bure.

Inchi nazo zieleweke. Chogo la inchi 32 lina kimo cha inchi 19 hivi. Bapa la inchi 32 halifiki 16. Hapo hujapunjwa.

Ila ukipima kona hadi kona, bila fremu, ukakuta kioo kimepungukiwa sana na kilichoandikwa kwenye boksi, rudi kwa muuzaji na risiti ya mashine ya kodi (EFD), lalamika kwa maandishi, baki na nakala. Akikataa, nenda Tume ya Ushindani (FCC). Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Picha ikikatika kwenye chaneli zote, anza na kampuni ya king'amuzi chako, udai namba ya lalamiko, kisha ndipo uje TCRA. Bila namba hiyo, lalamiko lako litarudishwa ulikoanzia.