Waviking hawakunywa kwenye mafuvu ya adui zao

Wengi wanaamini kwamba Waviking, mabaharia wapiganaji wa kale wa Skandinavia (Ulaya Kaskazini), walinywa pombe kwenye mafuvu ya watu waliowaua. Chanzo ni tafsiri mbovu.

Mwaka 1636 msomi wa Denmark, Ole Worm, alichapisha kwa Kilatini shairi la kale liitwalo Krákumál. Humo shujaa anayekaribia kufa anajipa moyo kwamba punde atakunywa bia kwenye "matawi yaliyopinda ya mafuvu". Msomaji wa tungo za Kiswahili, aliyezoea mafumbo, atang'amua haraka: kinachoota kichwani kama tawi lililopinda ni pembe ya mnyama! Washairi wa kule walipenda sana kuita vitu kwa mzunguko namna hiyo. Tafsiri ya Kilatini haikulielewa fumbo, ikaandika kuwa wanakunywa kwenye mafuvu ya waliowaua, na Ulaya nzima ikalipokea neno hilo.

Pembe zilitumika kweli, hasa karamuni. Lakini chombo cha kila siku kilikuwa kikombe cha mbao kilichokerezwa. Mjini York, Uingereza, ambako Waviking waliwahi kutawala, jina la mtaa wa Coppergate latokana na maneno ya Kinorse, lugha yao, yenye maana ya mtaa wa watengeneza vikombe. Matajiri walikuwa hata na bilauri za kioo. Zimefukuliwa makaburini Birka, Sweden.

Vikombe vya mafuvu vimewahi kuwepo, ila kwingine: Watibeti waliviunda kwa ibada, na pango la Gough, Uingereza, limetoa vya miaka zaidi ya 14,000.